Kross 2-61 na ganuni yangu: miaka miwili ya kinanda kimoja

Napiga ganuni (ala bapa ya nyuzi nyingi), akodiani na kinanda, na kila kimoja kina fungu lake katika riziki yangu. Jumatatu na Alkhamisi niko hoteli moja ya Nungwi, mimi na mwenzangu wa udi. Wageni wanakula, sisi tunapiga kwa muda wa saa mbili na nusu. Ijumaa na Jumamosi ni harusi, nyingi za mtaa wa Ng'ambo hapa mjini Zanzibar, na mara moja moja navuka kwenda Dar es Salaam. Nayataja haya mwanzo kwa sababu mtu anayepiga kinanda peke yake huenda akanunua kinanda kingine kabisa, na atakuwa amefanya sawa. Mimi nilikuwa natafuta kinanda kitakachokubali kuishi na ganuni.

Ganuni haipandishwi juu ya paa la gari. Nyuzi zangu 78 zimekaa juu ya daraja linalokanyaga ngozi ya samaki, kama zilivyo ganuni za Kimisri, na ngozi hiyo ukiigonga au ukiianika juani umejiletea mwezi mzima wa majuto. Kwa hiyo katika gari ya 116 sanduku la ganuni hukaa mapajani mwangu, kutoka mjini hadi Nungwi. Unabaki mkono mmoja na bega moja, na kinanda, stendi, pedali na waya zote hazina budi kuingia hapo.

Sikulijua hili nilipokuwa nanunua kinanda changu cha kwanza. Kilikuwa cha vibao 88 vizito, kimetumika, kimekuja na kontena kutoka Japani. Sauti yake ya piano ilikuwa tamu mno, na nilikipenda tangu siku nilipokigusa dukani. Chapa siitaji, wala duka. Nyuma yake kulikuwa na kibandiko kidogo kilichoandikwa 100V. Muuzaji aliniambia nichomeke tu. Alhamdulillahi kaka yangu, fundi umeme, alikisoma kibandiko kile kabla sijachomeka, akanitafutia transfoma ya kushusha umeme wetu wa 230V. Nikawa nabeba kinanda cha zaidi ya kilo ishirini na transfoma juu yake. Mwaka wa pili, kwenye harusi moja, msaidizi wa mitambo alitaka kunisaidia kupanga waya, akakichomeka kwenye soketi ya kawaida. Moshi ulitoka kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Usiku ule nilipiga akodiani tangu mwanzo hadi mwisho.

Ukiwa mbele ya kinanda cha mtumba, basi, kigeuze mgongo kwanza. Kama kinatumia adapta ya nje, ile ya 100V unaiacha dukani na unatafuta nyingine yenye volti, ampea na mpangilio wa chanya na hasi ulioandikwa kwenye kinanda chenyewe. Kama umeme unaingia moja kwa moja ndani na kimeandikwa 100V, utaishi na transfoma maisha yake yote, na itafika siku mtu mwenye nia njema atakuchomekea pasipo stahili.

Baada ya msiba ule nilikaa miezi minne nikiazima. Miezi ile ilinifundisha kuliko maelezo yoyote ya muuzaji, kwa sababu kila kinanda nilikipiga kazini, jasho likinitoka, na watu wakingoja wimbo. Vitatu ndivyo vilivyobaki kichwani.

Cha kwanza ni Yamaha PSR-A5000, ambacho wapiga taarab ya kisasa wengi wanakitamani, na wana haki. Kimetengenezwa kwa muziki wa Kiarabu: kuna vitufe vya kushusha noti robo toni palepale juu ya paneli, kimoja kwa kila noti, kwa hiyo unatoka maqamu ya Rasti kwenda ya Nahawandi (maqamu ni ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) katikati ya wimbo bila kuondoa macho kwa muimbaji. Midundo ya Kiarabu imo, nyuzi za fidla zimo, spika zimo. Kama ningekuwa na gari langu na kazi yangu yote ni harusi, ningekinunua bila kufikiri mara mbili. Lakini uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya kile nilichochukua, na hakili betri.

Cha pili ni Yamaha CK61, kilichotoka 2023. Hiki nilikipenda kwa dhati. Kilo 5.6, betri nane ndogo za AA, spika mbili ndani yake, na vitelezi tisa vya kupandisha na kushusha sauti ya ogani kama mtu anavyochezea maji ya bomba. Kila unachokihitaji kina kitufe chake usoni, huzami kwenye menyu. Rafiki yangu anayepiga kanisani na kwenye bendi ya dansi huko Dar alininunulia chai siku nzima ili nikisifie, na nilikisifia. Kilichonizuia ni kwamba hakina sikwensa, hakina pa kupangia mdundo. Mimi na mwenzangu wa udi hatuna mpiga dumbaki, ile ngoma ya Kiarabu, kule hotelini. Bajeti ni ya watu wawili. Mdundo lazima utoke kwenye kinanda.

Cha tatu ndicho ninachokiandikia: Korg Kross 2-61. Kilitoka 2017, kwa hiyo si kipya, na changu nilikinunua mkononi mwa mtu kwa shilingi 1,600,000 pamoja na adapta yake. Kina vibao 61 vya ukubwa wa kawaida na uzito wa kilo 3.8. Nilipokinyanyua mara ya kwanza nilidhani kuna kitu kimeondolewa ndani. Sanduku la ganuni yangu peke yake linakishinda uzito.

Kinakula betri sita ndogo za AA, zile zile za saa ya ukutani, na kampuni inasema zinafika kama saa saba ukitumia zile za kuchaji. Kazi yangu ndefu kabisa ni harusi ya saa nne na nusu, na sijaona taa ya betri ikilalamika. Nina seti mbili. Moja imo ndani, moja imo kwenye chaja nyumbani.

Wazanzibari wa rika langu hatuna haja ya kuhubiriwa thamani ya betri. Desemba 2009 umeme unaotuvukia baharini kutoka bara ulikatika, na Unguja tukakaa bila umeme hadi Machi 2010. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, pale jengo la Forodha ya zamani, Mizingani. Ganuni, udi na fidla viliendelea kama kawaida kwa taa ya kandili. Chumba cha vinanda kilikuwa kimya. Picha ile haijanitoka. Tangu waya mpya uanze kazi 2013 mambo yamekuwa mepesi zaidi, lakini hoteli za pwani zinapenda kuwaweka wanamuziki mchangani, chini ya mnazi, mbali na soketi, na kwenye harusi za uani ekstensheni moja hugombewa na feni, taa za mapambo na friji ya soda. Kinanda changu hakimo katika ugomvi huo.

Sasa nije kwenye maqamu, kwani hapa ndipo nilipokuwa na wasiwasi kuliko popote. Kross si kinanda cha Kiarabu. Hakuna kitufe cha robo toni usoni mwake. Lakini ndani, kwenye kila programu, kuna mahali pa kuchagua skeli, na moja inaitwa Arabic. Ukiiwekea ufunguo wa C unapata Rasti ya C na Bayati ya D. Ukiugeuza kuwa D, Rasti inahamia D. Mbali na hiyo kuna skeli unazozitengeneza mwenyewe, unashusha na kupandisha kila noti ya oktavu senti moja moja. Senti mia ni nusu toni, kwa hiyo robo toni ya hesabu ni senti 50.

Nilishusha E na B senti 50 kila moja, nikachagua sauti ya akodiani, nikaenda kumpigia Maalim wangu wa ganuni nyumbani kwake. Alikuwa amelala kwenye busati sebuleni, akanipokea shikamoo yangu bila kufumbua macho. Nilipiga taqsimu fupi ya Rasti, yaani kipande cha kubuni papo hapo. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo E imezama. Rasti haihuzuniki hivyo. Ipandishe." Nikapandisha hadi -46. "Bado." Nikafika -42, akanyamaza, akaanza kupiga vidole kwenye busati. Kisha akataka Bayati kutoka D. Nilipiga kwa E ile ile, akainuka kuketi. "Hapana. Hapa sasa ishushe." Tuliishia -55.

Wapiga ganuni na fidla wanalijua hili mikononi mwao: E ya Rasti na E ya Bayati hazikai mahali pamoja, ingawa kwenye karatasi zinaandikwa alama moja. Mpiga fidla anasogeza kidole unywele mmoja na imekwisha. Kinanda kikikupa robo toni moja tu ya hesabu, kinakulazimisha kuchagua maqamu ya kuikosea. Nina skeli mbili sasa, ya Rasti na ya Bayati, na akodiani yangu ya ndani ya Kross imehifadhiwa mara tatu: ya kawaida, ya Rasti, ya Bayati. Zote tatu zimepangwa bega kwa bega kwenye Favorites, orodha ya sauti za kuitwa haraka, na kuhama ni kubonyeza kitufe kimoja.

Kubonyeza huko kuna gharama. Mkono unaacha vibao kwa nukta moja, na wimbo unaohama maqamu katikati ya ubeti unanitaka nijipange mapema: muimbaji akivuta pumzi, mimi nahama. Kwenye A5000 usingeisikia nukta ile. Ukipiga nyimbo zinazorukaruka maqamu usiku kucha, hili litakuchosha, nami sitakulaumu ukibeba ule mzigo mkubwa. Nyimbo nyingi za harusi ninazopiga ziko Nahawandi, Hijazi au Ajamu na hazina robo toni kabisa. Robo toni nazihitaji labda kwa nyimbo tano za usiku mmoja. Lakini nyimbo hizo tano ndizo wazee wanazozingojea, na nikizipiga kwa skeli ya piano naziona nyuso zao zinavyogeuka. Hata akodiani yangu ya kweli haiwezi kuzipiga hivyo. Nchini Misri waliwahi kuchonga vyuma vya akodiani ili zitoe robo toni, yangu ni ya kiwandani. Kwa hiyo kinanda hiki cha plastiki kimenipa akodiani ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Kwenye mdundo kuna pedi 16 juu ya vibao. Midundo ya ngoma iliyokuja nayo ni ya pop na dansi za Ulaya, sikuihitaji. Nilimwita mpiga dumbaki tuliyesoma naye, nikaunga maiki nyuma ya kinanda, nikamrekodi sebuleni kwangu: dum, tak, ka, mkwaruzo wa kidole, na rika (tari ndogo) kidogo. Kila pigo limekaa kwenye pedi yake. Kwa nyimbo za hotelini nimepanga mizunguko kwenye sikwensa. Kwa harusi ndogo napiga pedi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye nyuzi. Si dumbaki kamili, kwa sababu dumbaki kamili linamsikiliza muimbaji. Namlipa mwenzangu kila ninapotumia mapigo yake na yeye hayupo. Hajaniomba. Ni mikono yake ile, na naomba kila mwenye kurekodi wenzake kwenye pedi alifikirie hilo kabla hajarekodi.

Nyuma kuna tundu la maiki, na hili limenipunguzia mzigo kuliko nilivyotarajia. Hotelini naunga maiki yangu ya Shure SM58 kwenye kinanda, naiongezea mwangwi kidogo humo humo, na sauti yangu inatoka pamoja na kinanda kwenda spika moja kwa waya mmoja. Mikseri nimeiacha nyumbani. Lakini zingatia mambo mawili. Tundu hilo ni la jeki kubwa, kwa hiyo unahitaji waya wenye kichwa cha maiki upande mmoja na jeki upande wa pili. Tena halipeleki umeme kwenye maiki, kwa hiyo maiki za kondensa, zikiwemo zile ndogo za kubana kwenye ganuni au fidla, hazitasema neno. Ganuni yangu ina pikapu (kinasa sauti kidogo) ya kubandika chini ya mbao, naipeleka kwenye tundu la pili la spika.

Matundu ya kutoa sauti ni jeki mbili za kawaida, L/MONO na R. Ukumbi wenye spika pande mbili na mikseri mbali nenda na boksi la DI, la sivyo waya mrefu utavuta mngurumo wa taa na jenereta. Mimi natumia L/MONO peke yake karibu kila mahali; kumbi zetu nyingi hupigwa mono na sauti mbili hupoteana njiani.

Vibao ni vyepesi. Kwa akodiani, ogani, nai (filimbi ya Kiarabu) na nyuzi wepesi huo ndio ninaoutaka, kwa sababu vyombo hivyo havina uzito wa nyundo na kidole kinataka kuruka. Kwa piano mkono unakosa kitu. Mgeni akiomba wimbo wa piano wa polepole naupiga, naye hufurahi, lakini mimi najua ninachokikosa, na nyumbani nina siku ninazokikumbuka kile kinanda kilichoungua. Mwenye kazi ya piano hotelini atazame ndugu yake, Kross 2-88, chenye vibao vya nyundo na uzito wa kilo 12 na ushei, au CK88, ndugu mkubwa wa ile CK61. Kioo cha Kross nacho ni kidogo na menyu zake zina kina. Usijaribu kutengeneza sauti kazini. Mimi hupanga kila kitu nyumbani Jumapili, nahifadhi nakala kwenye kadi ya SD, na jukwaani nagusa Favorites tu.

Hakina spika ndani yake. Hili limewahi kuniudhi siku ya mazoezi, nilipofika kwa watu bila headfoni wala spika, tukakaa tunatazamana. Tangu siku hiyo headfoni haziondoki mfukoni mwa begi.

Jinsi ninavyopanga vyombo: stendi ya X naishusha hadi kimo cha kukaa, kwa sababu ganuni napiga nimekaa na sina wakati wa kusimama kati ya nyimbo. Kinanda kiko kushoto, kimenikabili nusu. Ganuni iko mbele yangu kwenye meza fupi. Akodiani iko chini kulia, imefungwa mshipi ili isijifungue ikalia. Pedali ya sasteni iko chini ya mguu wa kulia, na nimeibandika kwenye kipande cha zulia, maana kwenye sakafu ya marumaru hukimbia kama kaa. Kupanga vyote ni dakika kumi na mbili. Ganuni ndiyo inayokula muda, hasa wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na ngozi imelegea. Nakiwasha kinanda kwanza, nashikilia A kwa sauti ya nai, na ninakaza nyuzi kuifuata hiyo. Hapo skeli za kujitengenezea zinanisaidia kwa namna ambayo sikuifikiria wakati wa kununua: nikiiwasha ile ya Rasti, naipanga E ya ganuni juu ya E ile ile aliyoikubali Maalim, -42, na vyombo viwili vinakaa pamoja usiku mzima.

Hewa ya chumvi sijaipatia dawa kamili. Skrubu za stendi zimepata kutu, nimezibadilisha mara mbili. Kinanda chenyewe nakifunika kwa kanga kuukuu kila kinapolala, nakifuta kwa kitambaa kikavu kila nikirudi Nungwi, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu nimevikusanya kwa jamaa wote, vimo kwenye begi.

Begi lenyewe nimeshonewa na fundi wa Mwanakwerekwe, kwa turubai na sponji la godoro. Nilimpelekea kinanda na sanduku la ganuni, akapima vyote viwili nikiwa nimevibeba, kimoja begani, kimoja mkononi, akashusha mkanda ili kinanda kisigonge sanduku nikiteremka kwenye boti. Alinitoza elfu thelathini na tano, na mfuko wa pedali akanishonea bure.